Adabu ya Muthoni kwenye Meza ya Msumeno

Fundi wa mbao akistaafu, watu wakimsalimia hawamwangalii usoni. Wanamwangalia mkono. Wanaushika, wanachelewa kuuachilia, wanahesabu kimoyomoyo, na hesabu ikitimia naona kama wamevunjika moyo kidogo. Walitaka hadithi. Basi leo nawapa, nyinyi vijana wa karakana za Ruiru na Thika mnaoniuliza nilitumia ujanja gani kukaa na mashine maisha yangu yote na bado nina vidole kumi. Ujanja haukuwa wangu. Kwa akili niliyokuwa nayo wakati ule, leo ningekuwa nafungua chupa ya soda kwa meno.

Wacha nianze na githeri, ndio mjue mnaongea na mtu wa aina gani.

Karakana yangu ilikuwa Gitothua, mabati ubavuni na mabati juu, na ndani mashine mbili: randa ya stima niliyoinunua ikiwa tayari imechoka, na meza ya msumeno. Hiyo meza tulitengenezewa na fundi wa kuchomelea vyuma wa hapo jirani. Miguu ilitoka kwa dirisha kuukuu, mota ikatoka kwa mashine ya kusaga unga. Ilikuwa inakata. Zaidi ya hapo sitaisifu. Siku moja stima ikapotea katikati ya kazi, saa ya kula. Nikaiangalia ile meza nikaona ni tambarare, ni pana, na imenyamaza. Nikaweka kontena yangu ya githeri karibu na meno ya msumeno, nikaenda kutafuta kijiko. Swichi niliiacha vile ilivyokuwa, yaani imewashwa.

Stima ikarudi. Mashine ikanguruma, meza ikaanza kutetemeka, na kontena ikajisogeza polepole kuelekea msumenoni kama muumini anayepeleka sadaka. Nilikuwa mlangoni na kijiko mkononi, naangalia tu. Githeri yote, mahindi na maharagwe, ilipanda ukutani. Maharagwe mengine yalinipata kwa paji la uso. Shemeji yangu Kariuki, niliyekuwa nikifanya kazi naye, aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema kwa heshima zote, akiniita shemeji kwa Kikuyu, "Muthoni, nafikiri sasa hiyo githeri imeiva."

Chekeni, hakuna shida. Lakini stima ikipotea kwenu kesho, kitu cha kwanza zima swichi, kabla hata ya kuuliza jirani kama yake pia imepotea. Siku ile ilikuwa githeri. Siku nyingine ungenikuta nimeingiza mkono chini ya meza natoa vumbi la mbao, nikiimba.

Huyo Kariuki ndiye nataka kuwaambia habari zake. Ni kaka mkubwa wa mke wangu. Alikuwa amefanya kazi kwa shamba la kahawa hapo Ruiru hadi shamba likakatwa ploti, na ploti zikaota nyumba, na yeye akabaki nyumbani akiangalia nyumba za watu. Mke wangu, Mama Njeri, akaniomba nimchukue karakana. Sikuwa na neno. Kariuki alikuwa mtu mwenye nguvu, hanywi, hachelewi. Tena alikuwa mpiga gita wa kanisa lao. Akipiga gita, wazee waliolala wanaamka na watoto wanaolia wananyamaza. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, alikuwa anatoka Witeithie na miguu inauma kuja ibada ya Ruiru, na hakuwa anamficha mtu kwamba hakuja kwa mahubiri.

Asubuhi ya kwanza ya Kariuki kuja kazini, Mama Njeri alinishika kwa kona ya koti mlangoni.

"Baba Njeri, huyu ndiye kaka pekee niliye naye," aliniambia. "Na ule mkono wake wa gita unaujua. Siku utanirudishia Kariuki bila kidole, hata kile kidogo, wewe pia usirudi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasimama pale mlangoni hadi nikafika barabarani.

Sasa, nyinyi siku hizi mnaitana "shem" na kugongana ngumi, kwa hivyo itabidi niwaeleze. Kwetu muthoni, yaani mtu mliyeunganishwa na ndoa, ni mtu wa kuheshimiwa sana. Akiingia unasimama. Humwiti kwa jina lake. Humfokei, humkosoi mbele ya watu, na ukimtolea neno chafu, wazee wanakaa chini na wewe unatafuta mbuzi wa faini. Mimi nililelewa hivyo, Kariuki alilelewa hivyo. Mbele ya sahani ya nyama ni adabu nzuri sana. Sasa chukua watu wawili wenye adabu hiyo, uwasimamishe pande mbili za msumeno unaozunguka.

Kwa meza yetu mmoja anasukuma mbao, mwingine anaipokea upande wa pili. Kazi ya anayepokea ni kubeba uzito tu, mbao isilale. Anafuata mwendo wa anayesukuma, havuti. Akivuta, mbao inaacha ile reli ya kuegemea, ambayo sisi tuliita fensi, inaanza kukata upande upande, na hapo umeharibu kipimo. Hiyo ni hasara ya mbao. Hasara ya pili ni mbaya zaidi: mbao ikipinda inabana msumeno, na msumeno ukibanwa unaitupa mbao ile kule ilikotoka, kwa nguvu ya punda. Na mkono ulioishika kule nyuma unaweza kurudi nayo hadi kwa meno.

Kariuki alikuwa anavuta. Alikuwa amevuta magunia ya kahawa ujana wake wote, na aliona kuniacha nisukume peke yangu ni kama dharau. Kila akivuta zaidi ndivyo anavyoniheshimu zaidi. Mimi nami kila nikiona anavuta, naanza kumwambia, hivi: "Muthoni, samahani, kama haitakuwa taabu, nilikuwa naomba, ukiona inafaa, hiyo mbao..." Nikifika kwa neno "mbao," mbao ishamalizika, imekatika kama mkia wa mbuzi, na Kariuki ananiuliza kwa upole, "Ulikuwa unasema, muthoni?"

"Ah, nilikuwa nasema tu leo kuna baridi."

Nikaona nitafute njia. Nikaamua nikikohoa, atajua ni ishara ya kuacha kuvuta. Niliamua hivyo peke yangu, kichwani mwangu, sikumwambia. Basi nikawa nakohoa. Mbao inaingia, Kariuki anavuta, mimi nakohoa. Anavuta zaidi ili tumalize haraka nikapumzike. Baada ya siku chache akaniletea ndimu na asali kwa chupa ya dawa, amefunga kwa gazeti vizuri. "Muthoni, hicho kifua chako usikichezee," akasema. Nikashukuru, nikanywa. Ngai, mimi huyu! Mtu mzima, fundi, nanywa dawa ya kikohozi ambacho sina kwa sababu naogopa kusema "acha kuvuta."

Na msifikiri sikufundishwa. Nilifundishwa Thika, upande ule wa viwanda, kwa karakana ya mzee mmoja Singasinga tuliyemwita Mzee Singh. Alikuwa mfupi, kilemba kimejaa vumbi la mbao, na sauti yake ilikuwa inasikika juu ya mashine zote zikiwa zimewashwa. Alikuwa anafokea kila mtu. Alimfokea mtoto wake, alimfokea kaka yake mkubwa aliyekuja kutembea tu, siku moja akamfokea mteja mwenye suti hadi mteja akasimama mahali alipoambiwa. Mimi alinikuta nasukuma kipande kifupi kwa vidole vitupu. Alizima mashine, akasimama karibu na uso wangu.

"Vidole wewe nanunua duka gani?" akaniuliza. "Niambie, na mimi iende nanunua huko!"

Akanitengenezea kijiti cha kusukumia hapo hapo, chenye mkato kama mdomo wa ndege, akakitundika kwa kamba kwenye meza ili nisiwe na sababu. Kisha akaniita chai. "Kunywa, mtoto yangu," akasema, polepole kabisa, na akaniongezea sukari mwenyewe. Huyo ndiye aliyenifundisha mambo yote ninayoyajua. Alinifundisha msumeno utokeze juu ya mbao kidogo tu, kiasi cha meno, usisimame kama jogoo. Alinifundisha kusimama kando ya njia ya mbao, kamwe si nyuma yake. Na alinifundisha kupima fensi kwa chaki: unazima mashine, unatoa plagi, unatia alama kwa jino moja la msumeno, unapima kutoka jino hilo hadi fensi likiwa mbele, halafu unazungusha msumeno kwa mkono jino hilo hilo liende nyuma, unapima tena. Jino ni lile lile, kwa hivyo msumeno hata kama umepinda kidogo hautakudanganya. Nyuma ikiwa finyu kuliko mbele, hata kwa unene wa karatasi, usiwashe.

Nami nilipata funzo gani kwa haya yote? Nilimwona ni mzee asiye na adabu. Nilijiambia siku nikipata karakana yangu, hapo watu wataongea polepole. Nikatoka Thika nikiwa na adabu yangu nzima, kijiti nikakisahau kwenye kamba yake, na chaki nikaiona ni mambo ya shule.

Mwihoko ndiko nilikoaibishwa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye nyumba za kukodisha, ghorofa, na akatupa kazi ya makabati ya jikoni. Tulikata, mimi nasukuma, Kariuki anavuta, mimi nakohoa. Tukafunga makabati ukutani. Nikaona kuna upenyo pale, na mlango mmoja unafunguka wenyewe kama kuna mtu ndani. Nikamwambia mama, kwa sauti ya mtu anayejua kazi, "Mama, shida ni ukuta wako. Hawa watu wa mjengo hawakuupima."

Yule mama hakubishana. Alienda kwa karai yake akachagua nyanya moja ya mviringo, akaiweka katikati ya rafu yangu. Nyanya ikatulia kidogo. Halafu ikaanza kutembea. Ikatembea hadi mwisho, ikaanguka, ikapasuka kwa kiatu changu.

"Fundi," akasema, "hiyo rafu haijaguswa na ukuta, imekaa juu ya mbao zako. Sasa nyumba yangu ndio imepinda, ama ni wewe?"

Tulipakia makabati kwa pikapu ya kukodi tukarudi nayo Gitothua. Kariuki alikuwa anaangalia nje. Nilitaka kumwambia, "Ni kwa sababu unavuta!" Nilikuwa nimejaa hasira hadi hapa. Lakini tulipofika nikaona aibu, nikatafuta kipande cha chaki, nikapima fensi vile Mzee Singh alivyonifundisha. Nyuma ilikuwa finyu kuliko mbele kwa unene wa njiti ya kiberiti. Haiya! Nusu ya kosa la yale makabati ilikuwa yangu mimi, na nilikuwa nimeshambebesha muthoni lote. Nikanyoosha fensi, mbao zikaanza kutoka safi. Zilitoka safi mpaka pale Kariuki alipokumbuka kuniheshimu, akavuta.

Na kifuniko cha msumeno, mtauliza? Kile cha kukinga mikono? Kilikuwepo. Tulikitoa kwa sababu kilikuwa kinatuzuia kuona mstari. Kilikuwa kimetundikwa ukutani, na Kariuki alikitumia kutundikia kofia yake. Kila asubuhi aliondoa kofia, akaitundika pale, akainamisha kichwa akaombea mashine ile kwa maneno mazuri, akiomba Mungu aifunike. Mimi nasema amina, na kifuniko kiko pale, kimevaa kofia.

Basi ikafika siku yenyewe. Tulikuwa tunapasua mkaratusi, na ulikuwa mbichi. Mkaratusi mbichi ukipasuliwa unajifunga: sehemu iliyokatwa inajirudi nyuma ya msumeno na kuubana. Mashine za maana zina kipande cha chuma hapo nyuma cha kuzuia hilo, kinakaa ndani ya mkato kama ulimi. Yetu haikuwa nacho, kwa sababu dirisha lililotoa miguu halikuwa na chuma cha kubaki. Na siku hiyo tulikuwa na mgeni, mama mmoja wa kanisa la akina Kariuki, amekuja kuulizia kiti. Mbele ya mgeni, Kariuki alitaka kunionyesha heshima ya kutosha. Alivuta kwa nguvu zote. Mkono wa kushoto, wa gita, ulikuwa umeshika mbao karibu kabisa na msumeno.

Nikasikia sauti ya mota ikibadilika. Ilikuwa inaimba, sasa ikaanza kunung'unika. Mbao ikaanza kutetemeka mikononi mwangu na kuinuka kidogo mbele. Nikajua. Mtu akiisikia sauti hiyo mara moja hataisahau. Na kile nilichoona kwa macho ni ule mkono, na yule mama mkwe wangu kwa kiti chake cha kanisani.

Nilifungua mdomo. Nilisikia "Muthoni, samahani" ikija yenyewe kutoka tumboni, vile nilivyoizoea. Haikutoka. Kilichotoka kilisikika hadi stendi.

"Achilia! Achilia, ng'ombe wewe!"

Kariuki akaachilia. Nafikiri hakuachilia kwa sababu ya hatari, aliachilia kwa mshtuko, mikono yote ikaruka juu kama ameshikiwa bunduki. Papo hapo mbao ikarudi. Ilipita pale mkono wake ulipokuwa, ikanijia mimi. Nami, mwanafunzi wa Mzee Singh, nilikuwa nimesimama wapi? Nyuma ya mbao, sawasawa. Ilinipata kwa nyonga ikanilaza chini kwa vumbi la mbao, na pumzi yote ikaniisha. Mama wa kanisa akapiga kelele, "Woi! Woi, Yesu!" na ndiye aliyekimbia kuzima swichi, ambayo tulikuwa tumeiweka mbali kule mlangoni.

Nikiwa bado chini, Kariuki alikuja akasimama juu yangu. Nilimwona ameinua mkono wa kushoto, nikauangalia, vyote viko. Nikamshukuru Mungu bila sauti kwa sababu sauti sikuwa nayo. Kariuki alikuwa amekunja uso.

"Muthoni," akasema polepole. "Umeniita ng'ombe?"

Nilijaribu kujibu nikatoa mlio tu, kama mlango usiotiwa mafuta. Halafu akaenda ukutani, akatoa kofia yake kwa kifuniko, akaipangusa, akavaa, akaondoka bila kumuaga hata yule mama. Jioni habari ilikuwa imefika kwaya, usharika, na Witeithie kwa mama yake.

Mama Njeri alinikanda nyonga kwa maji moto. Hakujua anishukuru au anifukuze. Mara anakanda polepole, mara anakanda kama anafua blanketi. Mwishowe akasema, "Mkono aliondoka nao?" Nikasema ndio. "Na moyo je?" Kesho yake ikaja salamu kwamba Kariuki harudi karakana, na kwamba wazee wanataka kuniona.

Wiki hiyo nilikaa na mashine peke yangu, nikichechemea. Mkono wake ulikuwa umenusurika, lakini nilijua akirudi tutaanza tena palepale: yeye avute, mimi nikohoe. Sasa nifanye nini? Nilimwita yule fundi wa vyuma akaweka ulimi wa chuma nyuma ya msumeno. Tukahamisha swichi kutoka mlangoni hadi mbele ya meza, tukaifungia ubao mpana, ndio uweze kuizima kwa goti mikono ikiwa imeshika mbao. Kofia ilikuwa haipo, nikakitoa kifuniko ukutani, nikakirudisha mahali pake, na unajua kilikuwa hakizuii kitu? Ulikuwa uvivu wa kukirekebisha. Halafu nikatengeneza meza ya pili, ndefu, ya kimo kile kile, nikaiweka nyuma ya msumeno. Nikasukuma mbao. Ikapita, ikalala juu ya meza hiyo, imenyooka, hakuna aliyeivuta. Nikakaa chini nikajishika kichwa. Kwa mbao nyingi kama zile zetu, kilichohitajika pale nyuma siku zote kilikuwa meza. Badala ya meza nilikuwa nimesimamisha muthoni.

Basi nikapeleka mbuzi Witeithie.

Wazee walikuwa wamekaa sebuleni, mama mkwe wangu amekaa mbali kidogo karibu na mlango wa jikoni, kama desturi, kwa sababu mkwe na mama mkwe hawatazamani ovyo. Maisha yangu yote alikuwa hajaniambia neno la moja kwa moja. Kariuki alikaa na kofia magotini. Akaulizwa aseme.

"Aliniita ng'ombe," akasema. "Mbele ya mtu wa kanisa."

"Ni kweli?" mzee aliyekuwa anaongoza akaniuliza.

"Ni kweli, mzee."

Nikaomba nieleze. Nikachukua mwiko na sahani, nikajaribu kuwaonyesha msumeno ni huu, mbao ni hii, mkono ulikuwa hapa. Niliufanya ule mwiko uruke, ukamgonga mzee mmoja kwa goti. Ikabidi niombe msamaha wa pili kabla wa kwanza haujapokelewa.

Mzee akageukia Kariuki. "Na wewe kwa nini ulikuwa unavuta?"

"Nilikuwa namsaidia. Hajawahi kuniambia nisivute."

"Hujawahi kumwambia?" mzee akaniuliza.

"Nilikuwa nakohoa," nikasema.

Hata mimi niliyesikia maneno hayo yakitoka nilijionea huruma. Kariuki aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Kumbe ile kikohozi ilikuwa yangu?" akauliza. "Na ile ndimu yote?"

"Niliinywa yote, muthoni."

Mtu akaanza kucheka huko nyuma, akajizuia. Kariuki hakucheka. Alizungusha kofia, akakohoa kidogo yeye mwenyewe, akasema, "Basi na mimi niseme. Hiyo koti yake ya kazi ina mikono mirefu, imechanika nyuzi. Kila akisukuma, hizo nyuzi zinapita juu ya msumeno hivi, karibu kushikwa. Kila siku naona. Nikienda nyumbani silali vizuri. Lakini nitamwambiaje? Ni mume wa dada yangu."

Niliangalia koti. Nilikuwa nimeivaa hapo hapo, ndiyo niliyokuwa nayo. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia kwa mikono yote miwili kama alivyosema. Sitadanganya, machozi yalikaribia. Sisi wawili tulikuwa tumekaa tukitazamana tukikaribia kukatwa, kila mmoja amemfunga mwenzake kwa heshima.

Hapo mama mkwe wangu akainuka. Alimwendea Kariuki, akashika ule mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole chake kwa kila kidole cha mwanawe, polepole, hadi akafika kile kidogo. Hicho alikishika kwa muda mrefu kuliko vingine. Halafu akarudi kukaa. Hakuniangalia. Alimwangalia yule mzee anayeongoza.

"Mwambieni Baba Njeri," akasema, "awe anamtukana kila siku."

Jumatatu Kariuki alikuja mapema kama kawaida. Aliizunguka mashine, akagusa kifuniko, akagusa meza mpya, akakagua kila kitu. Akatundika kofia kwa msumari wa kawaida, akaomba, nikasema amina. Nikawasha. Nilikuwa sijasukuma mbao hata shubiri moja nikasikia sauti kutoka upande wa pili, kubwa, ya mtu aliyezoea kuimba kwaya.

"Baba Njeri! Mikono ya koti, mbuzi wewe!"

Nikazima kwa goti, nikavua koti.